Shiro ya Siku ya Kufunga

Wubit: Haloo? Ni nani?

Askale: Ni nani tena? Ni mimi.

Wubit: Mimi nani? Magari yanapiga kelele hapa. Jitaje.

Askale: Askale! Mama Askale wa mchuzi wa shiro. Namba yangu umeifuta?

Wubit: Aa, Mama Askale. Simu mpya hii, sijaingiza majina ya watu wote. Umeshindaje, mama?

Askale: Mungu asifiwe, nimeshinda salama. Wewe je? Miguu?

Wubit: Miguu ipo, Mungu asifiwe.

Askale: Na wageni? Na Bwana Getnet, tajiri yako? Hajachoka kutembea?

Wubit: Wote wazima. Sema haraka, mama, nina kundi zima nyuma yangu linapiga picha njiwa.

Askale: Njiwa! Basi mko kanisani Giyorgis! Mko hapa hapa! Mbona hukuniambia niweke makaa—

Wubit: Hatujafika Giyorgis. Ni njiwa wengine.

Askale: Njiwa wengine wa wapi?

Wubit: Addis yote ina njiwa, mama.

Askale: [anacheka] Wewe! Ulimi wako haujabadilika. Haya, niambie. Ulisema kahawa, halafu juisi, halafu kwangu. Mmefika wapi?

Wubit: Kahawa tumekunywa. Kwa Bekele, chini ya sinema ya zamani.

Askale: Kwa Bekele? Yule anayechemsha majivu?

Wubit: Wameipenda. Wamekunywa wamesimama, kiwiko juu ya kaunta kama wenyeji. Bibi mmoja amerudia mara mbili.

Askale: Mgeni anajua nini? Mpe chochote cha moto, atasema asante. Halafu?

Wubit: Halafu juisi. Ile ya matabaka. Parachichi chini, papai katikati, embe juu, na ndimu ya kukamulia.

Askale: Glasi ndogo.

Wubit: Kubwa.

Askale: Wubit! Parachichi la glasi kubwa! Watafika kwangu wamejaa kama magunia!

Wubit: Na sambusa za dengu.

Askale: Sambusa pia? We mtoto, unaniua mchana kweupe!

Wubit: Wana miguu yao na matumbo yao, mama. Mimi naonyesha njia tu.

Askale: Na yeye Bwana Getnet? Naye amekula sambusa?

Wubit: Leo Jumatano. Amefunga. Hajagusa hata maji.

Askale: Kama mimi! Hata mate nayameza kwa kuomba radhi. Basi wageni waje wameshiba, shauri yao. Ninayemtaka ni yeye, aje na njaa yake nzima. Sala ikimalizika pale kanisani saa tisa, anaketi kwangu, ananawa, tonge la kwanza namlisha kwa mkono wangu huu. Mtu aliyelishwa tonge la kufungulia, Wubit, hawezi kwenda kusema nyumba ile mbaya.

Wubit: Hawezi.

Askale: Na nyumba ni tatu tu? Ndivyo alivyosema? Tatu, ndizo mtakazopeleka wageni msimu wote?

Wubit: Tatu. Mbili ameshazichagua. Ya tatu ni pale nitakapompeleka kufungulia leo. Kwako, au kwa Fantaye ng'ambo ya barabara.

Askale: Fantaye! Mkate wa injera wa Fantaye unaweza kushonea viatu!

Wubit: [anacheka kidogo] Basi huna cha kuogopa.

Askale: Siogopi. Lakini... wewe nikufiche nini. Mwenye jengo ameshawaleta wauza simu. Wamepima ukuta wangu kwa kamba, Wubit, mbele ya wateja, huku mmoja wao anatafuna shiro yangu. Nisipoingia kwenye matembezi yenu, mvua zikiisha sina mlango.

Wubit: Nimesikia.

Askale: Umesikia kwa nani?

Wubit: Arada ni mtaa mdogo, mama.

[mtandao unakwaruza]

Askale: Haloo? Haloo? Unakatika!

Wubit: Nipo. Tunapanda mlima.

Askale: Nilikuwa nasema, ndiyo maana nilipojua ni wewe unayewatembeza moyo ukatulia. Nikasema, ni Wubit, mwanangu huyo.

Wubit: Mwanao.

Askale: Si nilikulea? Ulikuja kwangu na gauni moja na chawa. Kushika mwiko nilikufundisha mimi. Leo unazungumza lugha za wazungu na una mwavuli wa kampuni.

Wubit: Chawa umewakumbuka.

Askale: Natania, wewe naye.

Wubit: Na mwanao Binyam, hajambo?

Askale: Binyam... hajambo. Yuko Adama siku hizi. Ameoa. Mbona umemuulizia?

Wubit: Nauliza tu. Si tulikua naye jikoni mwako? Alikuwa akirudi usiku na njaa yake, anafunua kila chungu.

Askale: Mtoto wa kiume, njaa haimwishi. Wubit, makaa yangu yanalala. Niyachochee sasa au bado?

Wubit: Umepika nini?

Askale: Uliza nini sijapika! Shiro, chungu kikubwa kile cha mama yangu. Unga nimeukaanga mwenyewe, kunde na dengu na vitunguu saumu vilivyokauka. Nimeanza kuukoroga kabla jua halijapiga dirisha. Dengu nyekundu. Sukuma kwa tangawizi. Kabichi na karoti. Injera imechacha vizuri, ina macho kama asali kwenye sega. Na nyasi mbichi nimetandaza sakafuni.

Wubit: Mpaka nyasi.

Askale: Mpaka nyasi! Kama Pasaka.

Wubit: Na nani amekunusia?

Askale: Amenusa nini?

Wubit: Chungu. Siku ya kufunga mpishi haonji, ananusa. Wewe pua yako ilikufa na ile homa, haikurudi. Wakati ule pua yako nilikuwa mimi. Sasa ni nani?

Askale: Sst! Punguza sauti! Una watu hapo!

Wubit: Hawajui lugha yetu. Bwana Getnet yuko mbele huko, ana simu yake. Nani, mama?

Askale: Mulu. Msichana wangu mpya, kutoka Gojjam. Ana pua nzuri.

Wubit: Yuko hapo?

Askale: Yuko kanisani tangu asubuhi. Atatoka sala ikiisha.

Wubit: Kwa hiyo leo hajanusa.

Askale: Ameninusia vitunguu alfajiri. Wubit, ninapika tangu hujazaliwa. Mkono wangu unajua.

Wubit: Unajua, ndiyo. Umekorogea mwiko upi?

Askale: Mwiko! Mwiko ni mwiko. Ule mrefu wa mti.

Wubit: Jana Jumanne mlipika nini?

Askale: Jana... mchuzi wa kuku. Harusi ya jirani waliagiza.

Wubit: Kwa siagi ya viungo.

Askale: Mchuzi wa kuku bila siagi si mchuzi, ni maji ya kuoshea kuku.

Wubit: Na siagi yako naijua. Mwiko unasimama peke yake. Mliukorogea mwiko upi?

Askale: Mulu ndiye aliyekoroga jana.

Wubit: Mwiko upi?

Askale: Hata kama ni ule, ulioshwa... aliuosha. Vyombo vyote tuliosha.

Wubit: Kwa maji yapi? Jana maji si yalikatika Piazza yote?

Askale: Tulikuwa na ndoo.

Wubit: Ndoo moja.

Askale: Ndoo moja, ndiyo, lakini—

Wubit: Sahani za harusi, sufuria, na mwiko. Ndoo moja ya maji baridi. Na mti hunywa siagi, mama, na siagi hailiwi Jumatano hata baada ya saa tisa. Ulinifundisha wewe. Ulisema mwiko wa siagi na mwiko wa kufunga isilale kwenye kikapu kimoja.

Askale: Ilikuwa kwenye... Ngoja. Ngoja nimpigie Mulu.

Wubit: Mpigie. [kwa wageni] Tusimame kidogo hapa, jamani, kuna duka zuri la misalaba.

[laini iko kimya kidogo]

Askale: Amezima. Yuko ndani ya kanisa, amezima!

Wubit: Ndivyo inavyotakiwa.

Askale: Nimenusa hapa mpaka kichwa kinauma, sipati kitu. Mvuke tu. Juu yake kuna mafuta yanang'aa... ni mafuta ya alizeti, nimeyatia mwenyewe. Yanang'aa sana lakini. Wubit, mafuta ya alizeti yanang'aa hivi?

Wubit: Siko hapo, mama.

Askale: Njoo mara moja! Wape dakika watazame misalaba, kimbia unusie, urudi!

Wubit: Siwezi kuacha wageni barabarani.

Askale: Mara moja tu, Wubit!

Wubit: Muite Nuredin, fundi saa. Mlango wa pili. Yeye Mwislamu, leo hajafunga. Ataweka kijiko mdomoni, akuambie.

Askale: Nuredin? Nimwambie nini? Njoo uonje, Askale hajui alichopika? Kesho Arada nzima inaimba kwamba mama wa shiro hana pua! Ule mdomo wake na saa zake zote vinalia kwa pamoja.

Wubit: Basi usimwite.

Askale: Si bora nife!

Wubit: Basi pakua tu. Nani atajua?

Askale: Unasemaje?

Wubit: Wageni hawafungi. Na Bwana Getnet, mtu mwenye njaa ya tangu jana. Mlishe tonge lako. Kama kuna siagi, imo tumboni, imekwisha.

Askale: Usinijaribu, wewe. Mtu ametoka kusali, namfungulisha kwa siagi, Jumatano, kwa mkono wangu? Nitamkuta wapi Bikira Maria nimwangalie usoni?

Wubit: Mimi sijaribu mtu. Nasema pakua.

Askale: Siwezi.

Wubit: Sawa.

Askale: Siwezi, Wubit. Mungu wangu. Chungu chote hiki.

Wubit: Ile Ijumaa ya mfungo mkubwa hukupata shida hivi. Shemasi mmoja alipiga kelele tu, siagi, siagi! Hukuuliza mwiko upi. Hukuuliza ndoo ngapi. Mimi nikakuambia, mama nimenusa, nilipokiepua jana jioni kilikuwa safi. Ukasema nini?

Askale: Mambo ya zamani hayo...

Wubit: Ukanitwisha chungu kichwani. Chungu hicho hicho cha mama yako, moto, kinanimwagikia shingoni. Ukanipeleka kwa mguu mpaka ngazi za kanisa, unatembea nyuma yangu unawaambia watu, tazameni aliyewalisha siagi. Mama yake Tadele, mchumba wangu, alikuwa pale ngazini. Jumapili yake wakarudisha maneno, hawanitaki tena kwao.

Askale: Wubit, siku ile nilikuwa na watu wengi, nilichanganyikiwa—

Wubit: Ulijua lini kwamba ni Binyam aliyetia siagi usiku?

[kimya]

Wubit: Haloo? Umekatika?

Askale: Nipo.

Wubit: Nimeuliza kitu.

Askale: Mnafika saa ngapi?

Wubit: [anacheka] Haya. Tunafika sasa hivi. Tunaziona kengele.

Askale: Sasa hivi? Subiri. Simama hapo hapo. Namwaga shiro. Bado kuna dengu, kuna sukuma. Namwaga shiro tu. Nakuweka mezani, usikate, tafadhali.

[kishindo cha chungu, maji yanamwagika]

Askale: Haloo? Nimemwaga. Imekwenda yote mferejini. Mbwa wa Fantaye amekuja, hana hata aibu. Haya, dengu zipo, na injera, na—

Wubit: Dengu ulikorogea nini?

Askale: Usiniulize, Wubit.

Wubit: Na sukuma? Mwiko mrefu wa mti au ulikuwa na mwingine?

Askale: Una roho gani wewe?

Wubit: Nauliza kama unavyoulizwa na mtu wa kampuni. Bwana Getnet atauliza. Yeye huuliza jikoni kabla hajanawa.

Askale: Ni mwiko huo huo. Nina mwiko mmoja. Ule mwingine... sijui Mulu ameuweka wapi. Natafuta hapa, siuoni.

Wubit: Basi ni juu yako.

Askale: [kwa sauti ya chini] Bikira, nipe nguvu.

[vyombo vinagongana]

Wubit: [kwa wageni] Hapana, hii si sala ya kawaida, ni ya kufunga. Sikilizeni ngoma. Ndiyo, unaweza kupiga picha, ila viatu tuvue mlangoni. Bwana Getnet ataingia kidogo, atatoka. Tutamsubiri.

Askale: Nimemwaga vyote.

Wubit: Dengu pia?

Askale: Dengu, sukuma, kabichi. Wubit, wape kahawa. Nitaikaanga mbele yao, na ubani, wakae kwenye nyasi. Kahawa haina siagi.

Wubit: Kahawa wamekunywa. Kwa Bekele.

Askale: Basi injera. Injera haijaguswa na mwiko. Na pilipili ya unga, na chumvi. Zamani mababu zetu walifungulia hivyo.

Wubit: Bwana Getnet ametembea mji mzima na njaa ili umlishe injera kavu kwa pilipili?

Askale: Mwambie nilipatwa na— subiri, subiri! Mulu ananipigia! Ametoka! Usikate, nimpokee, usikate!

[laini iko kimya]

Wubit: [kwa wageni] Twendeni sasa. Huyo anakuja. Pole kwa njaa, Bwana Getnet. Umebaki mtaa mmoja tu.

[mtandao unakwaruza]

Askale: Wubit.

Wubit: Nipo.

Askale: Mwiko wa jana ulikuwa mwingine. Ule niliokuwa nautafuta. Anasema alipomaliza mchuzi wa kuku aliona umepasuka, akautia motoni kama kuni. Huu wa leo haujawahi kugusa siagi. Aliuficha kwenye unga ili usichanganyike. Ilikuwa safi. Shiro yangu ilikuwa safi.

Wubit: Na yangu.

Askale: Umenifanya nimwage.

Wubit: Nimeuliza maswali, mama. Nilikuambia pakua. Ulisikia nikikuambia mwaga?

Askale: Nyoka wewe. Nilikuokota jalalani!

Wubit: Sasa hivyo ndivyo ninavyokufahamu.

Askale: Nitamwambia Bwana Getnet! Nitashuka nimwambie kila kitu!

Wubit: Umwambie nini? Kwamba huna pua? Kwamba ulimwaga chakula cha watu kwa sababu msichana aliuliza mwiko upi? Shuka. Tuko chini yako.

Askale: Mko wapi? Nasikia sauti yako mara mbili.

Wubit: Tazama dirishani.

Askale: Nakuona. Mwavuli mwekundu. Wubit, mwanangu, samahani, ulimi umeteleza. Waite niwape hata maji ya kunawa. Waingie tu, waone nyasi. Nitamtuma Mulu akanunue chochote, kwa yeyote, hata kwa Fantaye—

Wubit: Samahani ya nini, mama?

Askale: Ya... ya kukuita nyoka.

Wubit: Ya hiyo tu.

Askale: Waingie tu, nakuomba.

Wubit: [kwa wageni, kwa sauti] Haya, upande wa kushoto, tazameni mlango ule wa kijani. Zamani ilikuwa nyumba ya kula. Shiro yake ilisifiwa Arada nzima, watu walipanga foleni mpaka kwa fundi saa. Hapana, bibi, siku hizi hawapiki. Mpishi ameshazeeka. Ndiyo, piga picha, mlango ni mzuri.

Askale: Wubit. Bado niko kwenye laini.

Wubit: Najua.

Askale: Anatazama juu. Bwana Getnet. Ameniona.

Wubit: Anadhani ni bibi wa jirani. Anakupungia mkono. Mpungie, mama, ni adabu.

Askale: Nimempungia.

Wubit: Vizuri. Haya, kwaheri, tunavuka barabara kwa Fantaye, magari mengi. Mulu akirudi mwambie naye ale kitu, amefunga tangu jana.

Askale: Wubit, sub— salio langu lina—